Kuvuna matunda ya mjini pamoja na wakimbizi: mwongozo kwa vikundi vya Uingereza

Kuanzia Agosti hadi mwisho wa Oktoba, bustani za nyuma ya nyumba katika miji ya Uingereza hujaa matufaha, mapeasi na plamu ambazo mwenye nyumba hana nguvu wala muda wa kuzichuma. Zinaanguka, nyigu wanazila, zinaoza. Mtaa wa pili kuna familia za Wakongo, Warundi, Wasudani, Waeritrea na Waafghani zinazoishi kwa posho ndogo, na ndani ya familia hizo wamo watu waliokulia shambani. Sheffield ni mfano mzuri wa mahali ambapo mambo haya mawili yanakutana. Mpango wa serikali wa kuwapokea wakimbizi ulioitwa Gateway ulianza mwaka 2004, na miaka iliyofuata ukaleta Wakongo wengi, wazungumzaji wa Kiswahili wakiwamo, katika miji ya kaskazini. Mji huohuo ndio ulioanzisha mradi wa kuvuna matunda ya mitaani unaoitwa Abundance mwaka 2007.

Kuchuma ndiyo sehemu rahisi. Vikundi vingi hukwama kwenye nauli, saa, ruhusa na namna ya kugawana. Kwa hiyo mwongozo huu unatumia muda mrefu zaidi kwenye hayo kuliko kwenye miti.

Ruhusa na sheria, kabla tunda halijaiva

Anza Mei au Juni. Pita mitaani matawi yakiwa na matunda machanga, andika anwani, kisha tia barua fupi kwenye mlango: sisi ni nani, tunachuma siku gani, tunaondoka na nini, tunakuachia nini. Mwenye mti akikubali, achukue karatasi ya nusu ukurasa aitie sahihi. Siku ya kuchuma, kiongozi wa kila kundi awe na nakala mfukoni. Huu si urasimu wa bure. Jirani akipiga simu polisi kwa sababu ameona wageni sita na mifuko ndani ya bustani, aliyezaliwa hapa atacheka, lakini mtu ambaye kesi yake ya hifadhi haijaamuliwa atatetemeka mwezi mzima. Vizibao vya rangi kali vyenye jina la kikundi mgongoni vinasaidia pia, na bei yake ni ndogo.

Watu wataulizia beri nyeusi zinazoota kwenye vichaka vya miiba kando ya njia. Chini ya Sheria ya Wizi ya mwaka 1968, inayotumika England na Wales, kuchuma tunda la mmea uliojiotea porini kwa matumizi yako si wizi. Kuchuma ili uuze ni jambo jingine. Ruhusa hiyo haigusi mti uliopandwa kwenye bustani au shamba la mtu, hata kama tawi limening'inia barabarani. Waeleze wachumaji tofauti hiyo waziwazi siku ya kwanza.

La pili ni kujitolea. Mwomba hifadhi kwa kawaida haruhusiwi kufanya kazi. Akisubiri miezi 12 bila jibu anaweza kuomba kibali, nacho ni cha kazi chache. Lakini kujitolea kwenye shirika la hisani au ofisi ya umma anaruhusiwa. Wizara ya Mambo ya Ndani inatenganisha kujitolea na kazi isiyo na mshahara. Ukimpangia mtu zamu za lazima, ukamwahidi malipo au ukampa vitu kama ujira, unaweza kumtia matatani yeye, na kikundi chenu pia. Rudisha gharama halisi tu, yaani nauli na chakula cha mchana. Mfuko wa matufaha usiwe "malipo ya leo". Uwe sehemu ya mgawo ambao kila aliyefika anapata, amechuma au hakuchuma. Andikeni hivyo kwenye kanuni za kikundi.

Kama kikundi hakijasajiliwa, tafuteni shirika la hisani au kanisa, msikiti, au kituo cha jamii kitakachowabeba chini ya bima yake ya madhara kwa watu wengine. Ulizeni mahususi kama bima hiyo inahusu kuchuma matunda kwenye nyumba za watu na kama inahusu ngazi. Mara nyingi jibu la swali la pili ni hapana.

Kuwaita watu, na kuhakikisha wanafika

Mwaka 2024 posho ya mwomba hifadhi anayejipikia ilikuwa kama pauni 49 kwa wiki. Aliye hotelini anakoletewa chakula alipata chini ya pauni 10. Kumwambia mtu wa namna hiyo "lipa basi, tutakurudishia Ijumaa" ni kumwambia asije. Nunueni tiketi za siku nzima mapema, mzigawe kituoni, au mchague miti iliyo ndani ya nusu saa kwa miguu kutoka wanakoishi. Hili likikosewa, mtabaki na wachumaji wenye magari peke yao, nanyi mtajiuliza wakimbizi wako wapi.

Tangazo liende kwa sauti. Ujumbe wa WhatsApp wa sekunde 40 kwa Kiswahili, mwingine kwa Kiarabu, Kitigrinya au Kifarsi, unamfikia mzee asiyesoma na mama ambaye mikono yake imeshika mtoto. Saa iandikwe kwa tarakimu, 10:00, na itajwe kwa Kiswahili pia, saa nne asubuhi. Kuna waliozoea saa za Kiswahili na kuna waliozoea kuhesabu kwa Kifaransa, na basi halisubiri yeyote kati yao. Epukeni kumtumia mtoto kuwa mkalimani wa wazazi wake, hasa yanapozungumzwa mambo ya afya.

Ulizeni siku za kuripoti. Wengi wanatakiwa kwenda kutia sahihi kwenye kituo cha uhamiaji siku maalumu, na hakuna tufaha linalostahili kumfanya mtu akose siku hiyo. Watu huhamishwa mji kwa taarifa fupi, na anayekubaliwa hupewa wiki chache tu kuhama nyumba ya serikali, kwa hiyo kichwa chake kinakuwa kwenye kutafuta makazi. Ndiyo maana kila kazi ifundishwe kwa watu wawili: anayejua mashine ya kukamulia asiwe mmoja, na ufunguo wa stoo usikae kwa mmoja.

Fomu ya kujiandikisha iwe fupi: jina analotaka kuitwa, simu ya dharura, mzio (uliza hasa kuhusu kuumwa na nyigu), lugha, saizi ya kiatu. Saizi ya kiatu si mzaha. Mtu aliyepewa jozi moja ya raba hataziharibu kwenye nyasi zilizoloa. Wekeni gambuti za namba mbalimbali na makoti ya mvua. Msiulize alipitia wapi, alivuka vipi, kesi imefika wapi. Akitaka kusema atasema akiwa ameshika kikapu. Wazee waitwe mzee, mama, au papa kama ni Wakongo, na msimpachike mtu jina fupi kwa sababu lake limewashinda kulitamka.

Picha: msipige. Wapo ambao ndugu zao nyumbani wataandamwa sura ikionekana, na wapo wanaomkimbia mtu aliye nchi hiihii. Mfadhili akitaka picha, mpeni ya mikono na kreti.

Kijana wa chini ya miaka 18 aliyekuja peke yake yuko chini ya halmashauri, hivyo idhini ya mfanyakazi wake wa ustawi wa jamii inahitajika kabla hajaja.

Siku ya kuchuma

Kundi la watu wanne hadi sita kwa mti mmoja linatosha. Zaidi ya hapo watu wanasimama tu. Watu sita waliozoea huchuma kilo 100 hadi 150 kwa saa mbili, mti ukiwa umezaa. Mti mkubwa wa zamani unaweza kutoa zaidi ya hapo, lakini miti mingi ya matufaha huzaa sana mwaka mmoja na kupumzika unaofuata, kwa hiyo anwani iliyowashangaza mwaka jana msiitegemee peke yake mwaka huu.

Vifaa vya kundi moja: vingoe viwili vya mita 3 hadi 4 vyenye kikapu cha kitambaa na meno nchani, turubai moja la mita 4 kwa 4, kreti 10 zinazobeba kilo 12 hadi 15, mizani ya kuning'iniza, mifuko ya kuvaa begani, glavu, maji ya kunywa, sanduku la huduma ya kwanza. Kreti za plastiki zenye matundu zinashinda magunia. Gunia linaponda matufaha ya chini kabla halijafika kwenye gari.

Hakuna anayepanda mti. Litasemwa kila siku, na kila siku atatokea mtu aliyepanda miembe tangu utotoni atakayeona kanuni hiyo ni kichekesho. Mweleze kwamba matawi ya mtufaha mzee huvunjika bila kuonya, hasa yakiwa yameloa na yamebeba mzigo, na kwamba bima haitamlipa. Mpe kingoe, atachuma kuliko wote. Ngazi ya kuegemeza kwenye tawi isitumike kabisa. Kama bima inaruhusu, itumike ile ya miguu mitatu ya mashambani, kwenye ardhi tambarare, na mtu mmoja akae chini akiishika.

Kujua kama tufaha limeiva: liweke kwenye kiganja, liinue juu huku ukilizungusha kidogo. Likiachia na kikonyo chake, limeiva. Likikataa, liache wiki moja. Kata moja katikati; mbegu za kahawia zinaonyesha limekomaa, nyeupe bado. Tufaha lichumwe na kikonyo, maana likichunwa bila kikonyo linaanza kuoza pale palipochubuka. Peasi ni kinyume cha mazoea: huchumwa likiwa gumu na kuiva ndani ya nyumba. Ukilisubiri lilainike mtini, ndani litakuwa limeshakuwa kahawia. Plamu za kuliwa zichumwe kwa mkono. Za jamu tandaza turubai, tikisa tawi, zipikwe siku hiyohiyo au kesho yake.

Panga kreti tatu tangu mwanzo. Ya kwanza ni ya matunda yasiyo na doa, ya kula au kuweka. Ya pili ni yaliyochubuka au yenye tundu la mdudu, ya kupika na kukamua. Ya tatu ni ya yaliyoanguka chini, na hayo yaandikwe wazi. Yaliyookotwa kwenye nyasi wanapopita mbwa au mifugo yanaweza kubeba vimelea vya kinyesi, vikiwamo vya aina ya E. coli vinavyoua figo za watoto, na kuyaosha hakuondoi vyote. Yapikwe tu, yasiingie kwenye juisi ya kunywa. Yenye ukungu yatupwe mazima.

Mwisho wa zoezi, ondoeni matunda yaliyooza chini ya mti na muyapeleke kwenye mboji ya mwenye nyumba. Huduma hiyo ndiyo itakayofanya awaite tena mwakani. Matunda kwake ni ya ziada.

Kugawa

Mtindo uliozoeleka, unaofuatwa kwa mfano na mradi wa Not Far From The Tree wa Toronto tangu 2008, ni mafungu matatu: theluthi kwa mwenye mti, theluthi kwa waliokuja, theluthi kwa jikoni na vituo vya chakula. Pimeni mbele ya watu wote na kuandika kilo ubaoni. Watu waliosimama foleni za mgao kambini wanatambua upesi mizani inayofichwa.

Theluthi ya tatu ina mtego. Vituo vingi vya chakula vimejengwa kwa makopo na pakiti kavu, havina pa kuweka kreti nane za matufaha Ijumaa jioni. Pigeni simu kabla. Jikoni za jamii na vituo vya mchana vya waomba hifadhi hupokea kwa urahisi zaidi. Aliye hotelini hana jiko, basi apewe ya kula mbichi, si Bramley. Na Bramley, tufaha kubwa la kijani lenye uchachu mkali, halihitaji kupikwa kwa kila mtu. Ukilikata vipande vyembamba kwa chumvi na pilipili ya unga, waliokua na embe mbichi watalimaliza hapohapo kwenye meza ya kugawia.

Matufaha ya mapema ya Agosti hayakai zaidi ya wiki mbili. Ya Oktoba hukaa hadi katikati ya baridi kali, Bramley hata Machi, yakifungwa moja moja kwa gazeti, yakipangwa tabaka moja mahali pa giza penye nyuzi 3 hadi 7, mbali na viazi. Pitia kila wiki uondoe lililoharibika.

Juisi

Kabla ya kugawa au kuuza chakula mlichotengeneza mara kwa mara, jiandikisheni halmashauri kama wazalishaji wa chakula, siku 28 kabla ya kuanza. Ni bure. Angalau watu wawili wapate cheti cha usafi wa chakula cha ngazi ya 2. Hicho huwa cheti cha kwanza cha Kiingereza kwa wengi, na jikoni za mjini hukiulizia siku mtu anaporuhusiwa kufanya kazi.

Kwa mashine ya mkono, kilo 10 za matufaha hutoa lita 5 hadi 6. Osha kwenye beseni mbili, kata palipochubuka ukizidisha sentimita moja pembeni yake, saga, kisha jaza kitambaa cha kukamulia. Kosa la kawaida ni kujaza kupita kiasi na kukaza upesi. Kitambaa hupasuka na makapi huruka ukutani. Kaza, pumzika dakika mbili, kaza tena. Tia gramu moja ya vitamini C ya unga kwa kila lita mara tu juisi inapotoka, la sivyo itakuwa kahawia kabla ya kufika kwenye chupa.

Kisha ipashe. Jaza chupa za kioo ukiacha sentimita 3 juu, weka vifuniko bila kukaza, zizamishe hadi shingoni kwenye sufuria kubwa la maji. Ingiza kipimajoto ndani ya chupa moja ya katikati, si kwenye maji. Ikifika nyuzi 75, hesabu dakika 25 hadi 30, kaza vifuniko, laza chupa ubavu dakika chache ili kifuniko nacho kipate joto. Juisi hiyo hukaa mwaka. Joto hili huua vimelea, lakini sumu ya ukungu iitwayo patulini haiondoki kwa kupashwa. Kwa sababu hiyo tufaha lenye ukungu halikatwi upande mmoja likatumika upande mwingine.

Msigeuze ziada kuwa pombe ya matufaha. Kwa kikundi chenye Waislamu na Wapentekoste wengi, pipa moja la kuchachua linatosha kuwaondoa watu kimyakimya.

Chatini ya matufaha na pilipili

Inafaa kwa matufaha yaliyochubuka, na ladha yake inajulikana kuanzia Zanzibar hadi Bukavu. Menya na kukata kilo 1.5 ya matufaha machachu. Ongeza vitunguu maji nusu kilo, siki nusu lita yenye asidi ya asilimia 5 au zaidi, sukari gramu 400, tangawizi iliyotwangwa vijiko viwili vya chakula, pilipili kali 4 hadi 6, chumvi vijiko viwili vya chai. Pika kwa moto mdogo bila kifuniko, saa moja na nusu hadi mbili, ukikoroga zaidi kadiri inavyokaza. Iko tayari ukipitisha mwiko chini ya sufuria na njia ikabaki wazi kwa muda kabla ya kujifunga. Ukiitoa ikiwa bado na majimaji, itaota ukungu juu. Chupa zilizooshwa zikae kwenye oveni nyuzi 140 dakika 15, zijazwe zikiwa moto, vifuniko viwe vya plastiki ndani kwa sababu siki hula chuma. Ladha hutulia baada ya mwezi.

Ulizeni kuhusu siki. Wako Waislamu wasiotumia siki ya mvinyo. Siki ya shayiri nayo ina kizio, yaani kitu kinachoweza kuleta mzio, kwa hiyo lebo itaje shayiri kwa herufi nzito pamoja na viungo vingine, uzito na tarehe. Waeritrea wa Orthodox hufunga vyakula vya wanyama Jumatano na Ijumaa. Chakula cha mchana cha siku hizo kiwe cha dengu na mboga kwa wote, kuliko kupika sufuria mbili.

Uyoga na beri nyingine

Weka kanuni moja: kikundi hakichumi uyoga. Mwaka 2015 wakimbizi kadhaa nchini Ujerumani waliugua vibaya baada ya kula uyoga wa sumu kali unaofanana na ule wa kwao, na mwaka 2021 watoto wa Kiafghani waliokuwa wamehamishiwa Poland walifariki kwa sababu hiyohiyo. Aliyechuma uyoga maisha yake yote ndiye aliye hatarini zaidi, kwa kuwa anajiamini. Onyesha pia, kwa kuushika mmea wenyewe, beri nyekundu za mti uitwao yew, ambao mbegu na majani yake ni sumu.

Baada ya Oktoba

Msimu ukiisha, kikundi hutawanyika kama hakuna kazi ya baridi. Kazi ipo: kupogoa. Mitufaha na mipeasi hupogolewa kati ya Novemba na Machi mapema, ikiwa haina majani. Toa tawi lililokufa, lenye ugonjwa na linalosuguana na jingine, na usizidishe robo ya mti kwa mwaka, maana ukizidisha utajibiwa na machipukizi marefu yasiyozaa. Miplamu isiguswe majira hayo. Ipogolewe katikati ya kiangazi, siku kavu, kwa sababu jeraha la kupogoa wakati wa baridi huingiza ugonjwa wa kuvu unaofanya majani yawe ya rangi ya fedha na tawi baada ya tawi kufa.